Jinsi ya kulinganisha mashine ya kupiga makasia na mwendo wa mashua majini: mwongozo kwa wapiga makasia wa Bukavu

Karibu kila mtu anayeshuka ziwani baada ya miezi ya kuvuta mashine chumbani huuliza swali hili: kwa nini mashine inanipa dakika 2 kwa mita 500, nayo mashua inanipa dakika 2 na sekunde 18? Wengi hutafuta jedwali la kugeuza namba moja iwe nyingine. Jedwali la namna hiyo halisaidii sana, kwa sababu ndani ya zile sekunde 18 mmejificha uzito wako, umbo la mashua, upepo wa saa ile na, zaidi ya yote, jinsi unavyoingiza kasia majini na kulitoa. Linalofaa ni kujitengenezea uwiano wako mwenyewe, kuupima kwa utaratibu usiobadilika, kisha kujifunza kuusoma. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo kwa mashine ya hewa na mashua nyembamba ya mtu mmoja, katika maji yaliyotulia ya Ziwa Kivu, kati ya rasi za Bukavu.

Hatua ya kwanza: fahamu mashine inapima nini

Mashine iliyoenea zaidi katika mchezo huu ni ya Concept2, kampuni ya Vermont, Marekani, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, ambao walianza kwa kutengeneza makasia mwaka 1976 na kutoa mashine yao ya kwanza mwaka 1981. Mashine hiyo haiendi popote, kwa hiyo mita zinazoonekana kwenye skrini ni matokeo ya hesabu. Kompyuta yake hupima jinsi gurudumu la feni linavyoongeza kasi unapovuta na jinsi linavyopunguza kasi unaporudi mbele, hupata nguvu yako kwa wati, kisha huigeuza kuwa muda wa mita 500. Hesabu yenyewe ni fupi: chukua sekunde unazotumia kwa mita moja, zizidishe zenyewe mara tatu, halafu gawanya 2.80 kwa jibu hilo. Dakika 2 kwa mita 500 ni sekunde 0.24 kwa mita, 0.24 mara 0.24 mara 0.24 ni 0.013824, na 2.80 ikigawanywa kwa namba hiyo inatoa wati 203 hivi.

Huko kuzidisha mara tatu ndiko kunakopaswa kukaa kichwani. Kadiri unavyoongeza kasi, ndivyo nguvu inayohitajika inavyopanda kwa haraka zaidi: kuongeza kasi kwa asilimia 10 kunadai nguvu zaidi kwa takriban theluthi moja. Mashua nayo hufuata kanuni inayokaribiana sana na hiyo, kwa kuwa ukinzani wa maji hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu ni ukinzani ukizidishwa kwa kasi. Ni kwa sababu hiyo tunaweza kugawanya muda mmoja kwa mwingine na kupata namba yenye maana.

Jambo linalotuhusu sisi wa Kivu ni mwinuko. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya pwani. Feni inayokata hewa nyepesi huzunguka kwa urahisi zaidi, na mtu aliyezoea kuweka kile kishikio cha pembeni, kinachodhibiti hewa inayoingia kwenye feni, kwenye namba 4 akiwa Dar es Salaam atahisi hapa kwamba mashine imekuwa laini. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kishikio. Ingia kwenye orodha ya skrini, tafuta kipimo cha ukinzani wa feni (drag factor), vuta mivuto michache, kisha sogeza kishikio hadi kipimo hicho kifike mahali ulipochagua. Wengi hufanya kazi kati ya 110 na 130. Mimi huweka 120 na siibadilishi. Kwa kuwa kompyuta hupima upya jinsi gurudumu linavyopunguza kasi kila unaporudi mbele, wati inazokuonyesha ni za kweli hata katika hewa yetu. Mapafu yako, hata hivyo, hupata oksijeni kidogo kuliko pwani, kwa hiyo usijipime kwa muda wa rafiki anayeishi Mombasa bila kulizingatia hilo.

Mashine za bei nafuu zinazotumia mitungi ya mafuta au sumaku mara nyingi huonyesha mita zisizo na kipimo cha pamoja. Ukiwa na mashine kama hiyo, itumie kujenga mwili, lakini usiiingize katika hesabu zinazofuata.

Hatua ya pili: pima kwenye mashine

Jipime uzito asubuhi na uuandike. Pasha mwili joto kwa dakika 15. Kisha vuta mita 1,000 mara tatu: ya kwanza kwa mivuto 20 kwa dakika, ya pili kwa mivuto 24, ya tatu kwa mivuto 28, ukipumzika dakika 5 baada ya kila moja. Usishindane na saa. Katika mwendo wa 20 unapaswa kuwa na uwezo wa kusema sentensi fupi, na katika mwendo wa 28 uwe umebakiza nguvu kidogo tu. Mara unapomaliza kila kipande, andika muda wa wastani kwa mita 500, wati, na mapigo ya moyo. Asiye na mkanda wa kifuani aweke vidole viwili shingoni, ahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne.

Mapigo ya moyo ndiyo daraja kati ya chumba na ziwa. Bila hayo utakuwa unalinganisha siku uliyojituma na siku uliyojibania, na hutajua ni lipi kati ya mawili limekupa namba uliyoipata. Heri pia nikumbushe kwamba skrini ya mashine hii hutumia betri na gurudumu huzungushwa na miguu yako mwenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kipande, endelea kuvuta.

Hatua ya tatu: weka alama za mita 500 majini

Hapa watu huharakisha, na hapa ndipo vipimo vingi huharibikia. Wengine hufunga bidoni la njano kwa kamba na jiwe ili liwe alama. Katika Kivu njia hiyo ina taabu, kwa sababu mwambao wetu huteremka ghafla: hatua chache kutoka ukingoni kamba yako haitoshi, na bidoni linaanza kutembea na upepo. Tumia alama za nchi kavu. Mwanzoni mwa njia yako tafuta vitu viwili visivyosogea, kimoja karibu na maji na kingine nyuma yake juu ya mteremko, kwa mfano shina la mti na kona ya ukuta. Unapopita na kuona shina limeifunika kona kabisa, umefika kwenye mstari. Fanya hivyo hivyo upande wa mwisho. Kisha pima umbali kati ya mistari hiyo miwili kwa GPS ya simu, mara nne au tano, na uchukue wastani. Ukipata mita 480 badala ya 500, usihangaike kuhamisha alama. Umbali uliopimwa vizuri ni bora kuliko namba ya mviringo iliyokisiwa, na hesabu ya kuugeuza ni rahisi.

Mji wetu umejengwa juu ya rasi zinazochomoza ziwani kama vidole vya mkono, na kati ya kidole na kidole kuna maji yaliyokingwa. Upande wa Muhumba au Nguba utapata sehemu inayokufaa. Kaa mbali na mahali ambapo mto Ruzizi unatoka ziwani: pale maji yana mkondo, tena ni mpaka na Rwanda, na mtu aliyevaa kaptura ndani ya mashua ya ajabu atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Kabla ya siku ya jaribio, ongea na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Wao hufanya kazi usiku kwa taa, na alfajiri mitumbwi yao iliyounganishwa kwa miti mirefu bado inarudi. Watakuambia nyavu ziko wapi, na mara nyingi watakuambia pia kama upepo utawahi kuamka siku hiyo.

Saa inayofaa ni asubuhi, tangu mwanga unapotosha kuona hadi kabla jua halijapanda. Mchana upepo huinuka, na katika kiangazi cha Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki huweza kulichafua ziwa kwa siku nzima. Vaa jaketi la kuokolea au uwe na boti la kukufuata. Mashua ya mtu mmoja ina urefu wa zaidi ya mita 8, lakini ni nyembamba kuliko mabega yako, na kupinduka hakuchagui mzoefu.

Hatua ya nne: pima majini, kwenda na kurudi

Rudia vipande vile vile: mivuto 20, 24 na 28 kwa dakika, kwa mapigo ya moyo yale yale uliyoyaandika chumbani. Kila kipande kipige mara mbili, kwenda na kurudi. Anza kuvuta mapema ili unapokata mstari wa kwanza mashua iwe imeshafikia kasi yake, kwa sababu mashine haikulipisha gharama ya kuondoa kilo 14 za mashua kutoka kwenye utulivu.

Wastani wa kwenda na kurudi uchukuliwe kwa kasi. Tuseme ulikwenda kwa sekunde 125 na kurudi kwa sekunde 145. Wastani wa muda ni sekunde 135. Lakini ukigeuza kila mmoja kuwa kasi, unapata mita 4.00 na mita 3.45 kwa sekunde, wastani wake ni 3.72, ambao ni sekunde 134.3 kwa mita 500. Tofauti ni ndogo, na kama kwenda na kurudi vinatofautiana kwa sekunde 5 au 6 tu, haionekani kabisa. Ninachotaka uone ni kingine: mtu mwenye sekunde 125 upande mmoja na 145 upande wa pili hana kipimo, ana ripoti ya hali ya hewa. Upepo wa mbele hukunyang'anya zaidi ya kile ambacho upepo wa nyuma hukurudishia, kwa hiyo hakuna wastani unaoweza kuusafisha. Tofauti ikizidi sekunde 6, rudi nyumbani ukanywe chai, ujaribu kesho.

Hatua ya tano: gawanya

Gawanya muda wa mashine kwa muda wa mashua. Hizi ni namba za mfano, lakini zinafanana na zile nilizoziona kwenye daftari la mtu ambaye nimekuwa nikimfuata kwa boti. Kwa mivuto 20, mashine ilimpa 2:08 na mashua 2:26. Sekunde 128 kwa 146 ni 0.877. Kwa mivuto 24, alipata 2:00 na 2:18. Uwiano ni 0.870. Kwa mivuto 28, alipata 1:54 na 2:15. Uwiano ni 0.844.

Usione haya kwa kuwa chini ya 1. Mwaka 2018 Josh Dunkley-Smith wa Australia alivuta mita 2,000 za mashine kwa dakika 5 na sekunde 35.8, mwaka 2017 huko Poznań, Poland, Robbie Manson wa New Zealand alipiga mita 2,000 za mashua ya mtu mmoja kwa dakika 6 na sekunde 30.74. Ni watu wawili tofauti, na sigawanyi mmoja kwa mwingine, lakini pengo la karibu dakika nzima linaonyesha kwamba hata kwenye kilele cha mchezo mashua ya mtu mmoja haifikii namba za mashine. Kasia huteleza kidogo majini badala ya kushika kama ukuta, mashua huenda kwa kasi na kupungua katika kila mvuto, na mwili wako wote unakokotwa pamoja nayo. Mashua ya watu wanane, ambayo nguvu yake ni kubwa ikilinganishwa na eneo linaloguswa na maji, yaweza kuipita mashine.

Tazama jinsi namba zinavyofuatana. Katika daftari lile, kutoka mivuto 20 hadi 24 uwiano haukutikisika sana. Kutoka 24 hadi 28 ulianguka. Nguvu anayo, mashine imeshuhudia, lakini mashua haiipokei. Sasa rudi kwenye ile kanuni ya kuzidisha mara tatu: kama angeweza kushika 0.870 katika mivuto 28, angepiga mita 500 kwa sekunde 131 badala ya 135. Ili kupata sekunde hizo 4 kwa nguvu peke yake, bila kurekebisha lolote, ingembidi apandishe wati zake kutoka 236 hadi karibu 259. Wati 23 za ziada ni kazi ya miezi mingi ya jasho. Kurekebisha mikono na kiti kunaweza kuwa kazi ya wiki chache, na inaniuma kuona vijana wenye mapafu mazuri wakijiua kwenye mashine wakati kilichowazuia kiko kwenye vifundo vya mikono yao.

Kuhusu uzito

Gurudumu la mashine halibebi mtu. Majini, mwili mzito huizamisha mashua zaidi, eneo linalosuguana na maji huongezeka, na kasi hushuka. Concept2 hutumia hesabu moja ya kurekebisha: gawanya uzito wako wa kilo kwa 122.5, jibu ulipe kipeo cha 0.222, kisha zidisha kwa muda wako wa mashine. Matokeo yake ni makadirio ya muda ambao mtu wa nguvu na uzito huo angechangia katika mashua ya watu wanane.

Chukua watu wawili. Mwenye kilo 90 amevuta mita 2,000 kwa 6:45, mwenye kilo 70 kwa 7:00. Chumbani wa kwanza amemwacha mwenzake kwa sekunde 15. Baada ya marekebisho, wa kwanza anapata 6:18 na wa pili 6:11. Kocha anayechagua timu kwa kutazama skrini peke yake angemwacha nyumbani mtu ambaye angeifanya mashua iende haraka zaidi. Kwa uwiano wako binafsi huhitaji hesabu hii, mradi uzito wako haubadiliki. Ukiongezeka au kupungua kilo 3 au zaidi, andika hivyo kando ya namba mpya.

Hatua ya sita: tafuta mahali nguvu inapopotelea

Kabla ya kujilaumu, kagua mashua. Kuna kipindi uwiano wangu wa mivuto 24 ulishuka hadi 0.79, na kwa wiki mbili niliamini kwamba mgongo wangu umechoka. Asubuhi moja, baada ya kuipindua mashua ufukweni, nilikuta mfuko mwembamba wa plastiki umejizungusha kwenye pezi la chini ya mashua, umelala nyuma yake kama mkia, haukuwa na upana wa kiganja. Mvua ikinyesha, takataka za vilimani hushuka ziwani, na chupa na mifuko hukusanyika kuelekea Ruzizi. Tangu siku hiyo naipitisha mikono chini ya mashua kabla na baada ya kila jaribio, na naifuta utelezi kwa kitambaa.

Pezi likiwa safi, pima urefu wa kila mvuto: kasi ikizidishwa kwa 60 na kugawanywa kwa mivuto ya dakika. Mtu wetu wa mfano husafiri mita 10.3 kwa mvuto katika mwendo wa 20, mita 9.1 katika 24, na mita 7.9 katika 28. Mita hupungua kwa kila mtu anapoongeza mivuto, lakini kwenye mashine yeye alipungua hadi 9.4 tu kutoka 11.7. Majini amepoteza zaidi.

Mwombe mwenzako asimame ufukweni au akae kwenye boti, akurekodi kwa simu kutoka ubavuni. Kitu cha kwanza cha kutazama ni ncha ya kasia wakati magoti yamekunjika kabisa. Je, imeingia majini kabla miguu haijaanza kusukuma? Kwa wengi wanaotoka kwenye mashine, jibu ni hapana: miguu inaanza kazi, kiti kinasogea sentimita kadhaa, na kasia bado liko hewani. Mashine haikuadhibu kwa kosa hilo, kwa kuwa mnyororo wake hushika papo hapo. Mashua hukuadhibu kila mvuto. Kitu cha pili ni kiti kinaporudi. Ukikimbilia mbele, uzito wako wote unaigonga mashua kwenye kanyagio wakati ilipokuwa ikiteleza vizuri, na unaisimamisha kwa miguu yako mwenyewe. Unaweza kulisikia bila video: mashua inayokwenda vizuri ina mlio wa mapovu usiokatika chini ya kiti, na mtu anapokimbilia mbele mlio huo unakatika kila mara, kisha unaanza upya.

Mazoezi ya kurekebisha ni yale ya kawaida: kupiga kwa mivuto 18 huku ukihesabu polepole unaporudi mbele, na kusimama kwa sekunde mbili mikono ikiwa imepita magoti. Usirudi kwenye mivuto 28 mpaka uwiano wa 24 umetulia.

Kwa asiye na mashua nyembamba

Kwenye boti la mbao lenye benchi lisilosogea miguu haifanyi kazi kamili, basi vuta mashine pia bila kusogeza kiti, miguu imenyooka, ndipo ulinganishe. Uwiano utakuwa mdogo sana kuliko huo wa juu, na si hoja, kwani unajilinganisha na wewe wa mwezi uliopita. Mtumbwi wa kafi ni mchezo mwingine. Usiuingize kwenye daftari hili.

Kurudia jaribio

Rudia yote kila baada ya wiki sita, mashine siku moja na ziwa siku inayofuata au ya tatu yake. Katika daftari weka safu za tarehe, saa, uzito, ukinzani wa feni, mivuto, mapigo ya moyo, muda wa mashine, muda wa kwenda, muda wa kurudi na uwiano, na uache nafasi pana pembeni ya kuandika ulichokiona: mawimbi, pezi, usingizi mbaya, kasia la kuazima. Tumia makasia yaleyale na alama zilezile za ufukweni. Ule mti ukikatwa, pima njia upya kabla ya kuandika namba nyingine yoyote.